IBN BATTUTA, KADHI WA DELHI



Katika toleo hili la Ramadhan tunamtazama mtu ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni. Tuliambiwa alipita Mombasa na Kilwa, halafu basi, kengele ikalia. Kumbe pwani yetu ilikuwa mwanzo tu. Miaka michache baadaye alifika Delhi, mji mkuu wa masultani wa Bara Hindi. Huko alipata cheo, akapata mali, akazika mtoto, na mwishowe akakosa usingizi kwa hofu. Kisa chake kinamgusa kila kijana wa Pap Onditi, Katito, Kendu Bay au Kisumu anayewaza kwenda mbali kutafuta maisha, iwe ni Nairobi ama Uarabuni.

KIJANA WA TANGIER

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi. Mwezi wa Juni 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga baba na mama akaenda Hijja. Alitoka peke yake, bila rafiki wala msafara. Hakujua kwamba hatawaona tena wazazi wake duniani.

Baada ya Hijja hakurudi nyumbani. Mwaka 1331 alipanda jahazi akashuka pwani ya Afrika Mashariki. Mombasa alilala usiku mmoja. Aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafii, chakula chao ndizi na samaki, misikiti yao ya mbao imejengwa vizuri, na kila mlango wa msikiti una maji ya kuoshea miguu.

Kilwa alimkuta Sultan Hassan, mtu mkarimu mno. Maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizokuwa amevaa baada ya swala ya Ijumaa, naye akaingia ndani, akabadilisha, akampa zile zile. Tusisahau pia kwamba sehemu ya utajiri ule ilitokana na mashambulizi bara na watu kufanywa watumwa. Hata Ibn Battuta mwenyewe alimiliki watumwa, na anawataja kama mtu anavyotaja mizigo yake. Tunamsoma mtu alivyokuwa, hatumfanyi malaika.

KWA NINI DELHI?

Wakati ule habari zilikuwa zimeenea kwamba Sultan wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, anapenda wageni wasomi kuliko watu wa nchi yake, na anawalipa vizuri. Ibn Battuta akaamua kwenda. Hakupata njia ya moja kwa moja. Akazunguka kupitia Uturuki na Asia ya Kati, na Septemba 1333 akafika mto Indus.

Hapo palikuwa na desturi ya ajabu. Kila mgeni alitakiwa ampelekee Sultan zawadi, na Sultan humrudishia zawadi kubwa mara nyingi zaidi. Basi wafanyabiashara walikaa njiani wakikopesha wageni farasi, ngamia na pesa, manake walijua watalipwa. Ibn Battuta naye akakopa. Kwa hivyo aliingia Delhi akiwa na deni hata kabla ya kupata kazi.

MJI WENYEWE

Delhi ilitekwa na majeshi ya Waislamu kutoka Ghur mwishoni mwa karne ya 12, na kuanzia 1206 ikawa na masultani wake yenyewe. Karibu mwaka 1199 Qutb al-Din Aybak alianza kujenga mnara wa Qutb Minar. Mnara huo bado umesimama, urefu wake kama mita 73. Mji huo huo ulitawaliwa na mwanamke, Sultana Razia, kuanzia 1236 hadi 1240.

Ibn Battuta alikuta miji minne iliyoungana: Delhi ya zamani, Siri, Tughlaqabad na Jahanpanah. Aliona ukuta mnene wenye maghala ya nafaka ndani yake. Alionyeshwa mchele uliowekwa humo miaka mingi nyuma. Rangi ilikuwa imekuwa nyeusi, lakini ladha ilikuwa bado nzuri.

Lakini mji mkubwa hivyo ulikuwa na mitaa mitupu. Mwaka 1327 Sultan aliamua kuhamishia makao yake Daulatabad, kusini, safari ya siku 40, akalazimisha watu wa Delhi wahame. Ibn Battuta anasimulia kwamba kipofu mmoja aliburutwa njia nzima mpaka ukafika mguu wake peke yake. Wanahistoria wengine wanaona kisa hicho kimetiwa chumvi. Hata hivyo yeye mwenyewe aliukuta mji haujajaa tena.

Huyo ndiye mwajiri wake mpya. Anasema mlangoni kwa Sultan hapakosi maskini anayetajirishwa wala mtu anayeuawa. Mkono ule ule uliotoa dhahabu ndio uliotoa amri ya kukata shingo.

CHEO NA DENI

Muda mfupi baada ya kufika, binti yake mchanga, hajatimiza hata mwaka, alifariki. Wakubwa wa mji walihudhuria kisomo cha siku ya tatu, na mama yake Sultan akamtuma mtu kumliwaza mama wa mtoto. Wageni wale walipewa heshima kubwa katika msiba wao.

Halafu Sultan akamfanya kadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Wakati huo familia ya kawaida iliishi kwa dinari 5 hivi kwa mwezi, hebu piga hesabu mwenyewe. Na hakujua vizuri Kifarsi, lugha ya serikali, tena yeye alikuwa Maliki katika mji wa Wahanafi. Sultan akampa manaibu wawili wa kumsaidia. Vilevile akakabidhiwa waqfu wa kaburi la Sultan Qutb al-Din Mubarak. Njaa kali ilipoingia, aliwapikia watu chakula kutoka katika waqfu ule, na hilo ni jema lake.

Pamoja na mshahara huo, deni lilifika dinari 55,000! Zawadi, farasi, watumishi, maisha ya kujionyesha. Wadai wakamsimamia mlangoni, ikabidi Sultan alipe. Deni hilo liliisha, lakini alikuwa amefungwa kwa fadhila.

SIKU TANO ZA SWAUMU

Nje ya mji aliishi Sheikh Shihab al-Din, mchamungu aliyechimba pango akakaa humo kwa ibada. Sheikh huyo alikataa kumtumikia Sultan, na alipoitwa alimwambia usoni kwamba ni dhalimu. Aliteswa, akatakiwa afute maneno yake, akakataa, akauawa.

Ibn Battuta alikuwa amekwenda siku moja kulizuru lile pango. Basi, hilo tu lilitosha. Sultan akaweka watumwa wanne wamlinde asitoke, na kwa kawaida aliyewekewa ulinzi ule hakuponea.

Kadhi wa dinari 12,000 hakuwa na pa kukimbilia. Alifunga siku tano mfululizo kwa maji matupu. Kila siku alihitimisha Qur'ani nzima, na siku ya Ijumaa akaleta dhikri ya kumtegemea Mwenyezi Mungu mara 33,000. Alipofungua, akaunganisha tena siku nne. Sheikh alipokwisha kuuawa, yeye akaachiliwa.

Alipotoka, aliacha kazi, akagawa alivyokuwa navyo kwa maskini, akavaa nguo za fakiri na kukaa na Sheikh mwingine wa pangoni, Kamal al-Din, kwa miezi kadhaa.

KUTOKA

Mwaka 1341 Sultan alimwita tena, akamtaka awe balozi wake China. Alikubali, na mwaka 1342 akaondoka Delhi na msafara wa zawadi. Bandarini Calicut alibaki nchi kavu aswali Ijumaa. Usiku ule dhoruba ikavunja merikebu, zawadi na watu wakapotea. Aliogopa kurudi Delhi, na hakurudi tena. Akapita Maldivi, ambako pia alikuwa kadhi, akafika China. Mwaka 1349 akarudi Moroko na kukuta mama yake amekufa kwa tauni. Mwaka 1355 kitabu cha safari zake kilikamilika mjini Fez. Alifariki karibu na mwaka 1369.

Delhi nayo ilivunjwa na kujengwa tena na tena. Timur aliipora mwaka 1398. Shah Jahan alijenga mji mpya, na Jama Masjid yake ikamalizika 1656. Waingereza walimng'oa mfalme wa mwisho 1857, wakazindua New Delhi 1931. Tangu 1947 ni mji mkuu wa India huru.

TUNACHOKIPATA

Vijana wetu, kutafuta riziki mbali si kosa. Ibn Battuta alipata mengi Delhi na akalisha wenye njaa. Lakini kabla ya kupokea mshahara, uliza: mkono huu unanipa nini, na unanitaka ninyamazie nini? Wakati Sheikh wa pangoni alisema haki, kadhi alinyamaza. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia hayo yote, na hakujipamba kuwa shujaa.

Yeye alifunga siku zile kwa sababu upanga ulikuwa juu ya shingo yake. Sisi tumepewa mwezi mzima wa kufunga tukiwa na amani, na futari inatungoja nyumbani. Tuutumie kuangalia madeni yetu, vyeo vyetu na ndimi zetu kabla hatujafika pale alipofika yeye.

Mwenyezi Mungu atukubalie swaumu zetu, atupe riziki ya halali na ujasiri wa kusema kweli. Amin.