Loie Fuller, mama aliyesimulia kwa mwangaza

Wewe unayeshuka mu shimo kule Muheto na toshi ku paji la uso, unajua jambo ambalo watu wa teatri walichelewa kulijua: mtu anaona tu kile taa inamuonyesha. Mmoja wa wale waliowafungua macho ni Loie Fuller, mama wa Marekani, aliyezaliwa mwaka wa 1862 kule Fullersburg, karibu na Chicago.

Hakuwa na umbo jembamba la wachezaji, wala hakusoma sana mambo ya kucheza. Mwaka wa 1891 akavaa nguo ya hariri pana sana, akaizungusha kwa mikono yake, na teatri yote ikazimwa. Kisha mataa ya umeme yenye vioo vya rangi yakampiga toka pembeni. Hariri ikageuka ua, ikageuka kipepeo. Nyuma yake hakuna mlima wa kuchora, hakuna nyumba ya mbao. Kitambaa na mwangaza, basi.

Mara moja wakamuiga. Mwaka wa 1892 akashitaki mchezaji mmoja mu tribinali ya New York. Jaji akamkatalia, ati ngoma ile haisimulii hadithi yoyote, kwa hiyo sheria haiwezi kuilinda. Mchimbaji aliyekuta wengine wameingia mu shimo lake anajua uchungu ule.

Mwaka ule ule akavuka bahari, akafika Paris, ku Folies Bergère, teatri kubwa ya biashara. Kumbe pale mwanamke mwingine alikuwa tayari anacheza ngoma yake! Hakurudi nyuma. Akaomba kuonyesha yake, wakamchukua, na mu mwezi wa 11 Paris yote ikaanza kumuongelea. Kiisha akaandikisha nguo yake na fimbo zake kama uvumbuzi. Sheria iliyokataa ngoma ilikubali vyombo.

Mu ngoma ya moto alisimama juu ya kioo, taa zikampiga toka chini ya miguu, mtu akaona kabisa anaungua. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja: mafundi wa umeme walijificha chini na pembeni, na kila mmoja alipaswa kubadili rangi kwa wakati wake. Majina yao hayatajwi sana.

Aliposikia habari za radium, kitu kinachong'aa gizani, akaandikia Pierre na Marie Curie: je, wangemsaidia kuipaka ku mabawa ya kipepeo? Wakamueleza kwa upole kama haiwezekani. Kwa shukrani akaleta mafundi na mataa, akawachezea mu nyumba yao ndogo. Siku zile radium ilitoka mu mawe ya Bohemia. Tangu 1922 yale ya Shinkolobwe, kwetu Katanga, ndiyo yalitawala soko.

Alikufa Paris tarehe 1 Januari 1928. Marekani iliandika wazi mu sheria kama ngoma ina mwenyewe mu 1976, miaka 48 kiisha kifo chake.