Daktari Livingstone na Afya Yake

Mtu atokaye Itetemia hana haja ya kwenda mbali ili aione Kwihara, na tembe aliyokaa Daktari David Livingstone mwaka wa 1872. Wageni huonyeshwa nyumba, huelezwa safari zake na jinsi alivyoupinga utumwa, kisha hurudi mjini. Habari za afya yake hazisimuliwi sana, nazo zatuhusu sana sisi tulalao wengi katika bweni moja.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813, Blantyre, katika nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini, naye alipopata miaka kumi alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Mchana kutwa kazini, usiku shuleni. Alijifunza uganga wa hospitali Glasgow, akapata cheti mwaka wa 1840, na mwaka uliofuata akafika Afrika ya Kusini.

Siku zile hapakuwa na mganga aliyejua chanzo cha malaria. Wengi walidhani ni hewa mbaya ya mabwawa, naye pia alidhani hivyo. Lakini alikuwa na macho ya kuona. Aliandika kwamba mbu wakiwa wengi mahali, malaria nayo ipo. Hata mwaka wa 1897 ndipo Ronald Ross alipovikuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1857 Livingstone alieleza pia ugonjwa umpatao mtu aliyeumwa na papasi. Mwaka wa 1905 mtaalamu Robert Koch aliwachunguza papasi wa vibanda vya kupumzikia kando ya njia za misafara katika nchi hii, akavikuta vijidudu vya homa hata ndani ya mayai yao. Msafiri aliyepiga hema mbali kidogo na vibanda vile alisalimika. Basi mama anayesiriba ukuta na sakafu ili pasiwe na ufa, anafanya kazi ya uganga, ingawa hapati mshahara wake.

Livingstone alitengeneza vidonge vyake mwenyewe, vya kwinini pamoja na dawa za kuendesha tumbo, akawapa wenzake mara homa ilipoanza. Tena aliamini sana kutembea na kufanya kazi. Mtu akaaye bure, alisema, homa humshika upesi. Wengi walipona. Lakini si wote: mkewe Mary alikufa kwa homa huko Shupanga, karibu na mto Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862, mumewe akimwuguza.

Mwezi wa Januari 1867, akiwa safarini tena, wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa. Alihisi kama mtu aliyehukumiwa kufa. Tangu hapo magonjwa yalimwandama. Siku ya mwaka mpya wa 1869 alikuwa hoi. Jana yake alikuwa amevuka mto akalowa. Kulowa alikuwa amezoea, lakini safari hii alipatwa na kichomi, akakohoa mchana na usiku, akachukuliwa na watu mpaka Ujiji. Sasa twajua kwamba maji ya mto hayazai kichomi, wala baridi haizai mafua, ni vijidudu. Lakini mwili uliochoka na wenye njaa hauna nguvu za kupigana navyo. Ndiyo sababu bwenini twahimizwa kufungua madirisha, kuziba mdomo tunapokohoa au kupiga chafya, kunawa mikono kwa sabuni, kutokunywa kikombe kimoja na mgonjwa wa mafua, na kulala mapema. Wako wanaoliona dirisha wazi kuwa adhabu.

Mwishoni mwa mwaka wa 1871 Stanley alimkuta Ujiji, amekonda. Hakumpa ajabu yo yote ila chakula na mazungumzo. Livingstone akala mara nne kwa siku, na nguvu zikamrudia upesi. Wakaja pamoja Kwihara, wakafika tarehe 18 Februari 1872. Stanley alimsihi arudi kwao akapumzike. Akakataa, kwa kuwa alitaka kwanza kuona chimbuko la Nili. Stanley akaenda zake mwezi wa Machi, na mzee akangoja wapagazi zaidi ya miezi mitano. Katika kungoja huko alitengeneza jibini ya safari, lakini ilikuwa chachu kidogo, maana maziwa ya huku huchachuka upesi, kama mjuavyo.

Aliondoka tarehe 25 Agosti 1872. Nadhani alikosea. Alikuwa na miaka 59, na tumbo lake lilikuwa bovu siku nyingi. Masika yakamkuta katika mabwawa ya Bangweulu, akitokwa na damu. Usiku wa mwisho, katika kijiji cha Chitambo, alimwomba Susi sanduku la dawa, akachagua moja kwa shida kubwa, kwani macho yalikuwa hayaoni vizuri. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili, wakauchukua mpaka Kwihara, wakafika mwezi wa Oktoba. Katika tembe ile ile walimkuta Cameron na wenzake, waliotumwa kumtafuta Livingstone, nao wanaugua homa. Mmoja wao, Daktari Dillon, alivurugwa akili na homa, akafa njiani mwezi wa Novemba. Cameron alishauri mwili uzikwe papa hapa Unyanyembe. Wale wapagazi wakakataa, wakaubeba mpaka Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa London.