Marie Curie: Msomi aliyempisha dada yake asomee udaktari

JINA la Marie Curie linapotajwa, wengi hukumbuka ugunduzi wa radiamu na Tuzo mbili za Nobel, ya fizikia mwaka 1903 na ya kemia mwaka 1911. Wachache wanafahamu kwamba aliingia chuo kikuu akikaribia miaka 24, kwa kuwa aliahirisha masomo ili dada yake asomee udaktari.

Alizaliwa Warsaw, Poland, Novemba 7, 1867, akaitwa Maria Skłodowska. Jiji hilo lilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Baba yake, mwalimu wa hisabati na fizikia, aliondolewa katika wadhifa wake, kisha akapoteza akiba katika biashara ya jamaa. Familia ikalazimika kupokea wanafunzi wa kulala nyumbani ili ipate riziki. Dada yao mkubwa, Zofia, alifariki, na mwaka 1878 mama yao naye akafa kwa kifua kikuu.

Mzigo wa nyumba ulimwangukia Bronia, aliyetamani kuwa daktari. Chuo Kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake, na kusoma Paris kulihitaji fedha. Mabinti hao walifundisha watoto wa watu kwa malipo madogo, na kila mmoja akiweka akiba peke yake, hakuna ambaye angefika.

Maria ndiye aliyetoa wazo: Bronia, kwa kuwa ni mkubwa, atangulie; yeye atafanya kazi na kumtumia fedha, naye akihitimu atamsaidia mdogo wake. Bronia alisita, kisha akakubali.

Januari 1886 Maria alikwenda Szczuki, kaskazini mwa Warsaw, kuwa mwalimu wa nyumbani katika familia ya Żorawski. Sehemu ya mshahara ilikwenda Paris. Usiku alijisomea fizikia na hisabati. Kijana wa familia hiyo, Kazimierz, alipotaka kumwoa, wazazi walikataa kwa sababu ya umaskini wake. Hata baada ya fedheha hiyo hakuacha kazi, kwani masomo ya dada yake yalitegemea mshahara ule. Miaka ikapita, naye akakaribia kukata tamaa.

Mwaka 1890 Bronia alimwita Paris. Maria, aliyekuwa amerejea kwa baba yake mzee, aliona vigumu kumwacha, akaahirisha tena. Aliondoka mwishoni mwa mwaka 1891, akapokewa nyumbani kwa dada yake na kujiunga na Sorbonne. Mwaka 1893 aliongoza katika mtihani wa shahada ya fizikia.

Ahadi ya ndugu hao haikuishia hapo. Taasisi ya Radiamu ilipofunguliwa Warsaw mwaka 1932 kutibu wagonjwa wa saratani, msimamizi wake alikuwa Dk. Bronia. Marie alifariki Ufaransa Julai 4, 1934, kwa ugonjwa wa damu unaoaminika kutokana na mionzi aliyoitafiti.