MAISHA YA MAREHEMU EDWARD SAIDI TINGATINGA

Ushirika wetu unapotimiza miaka 10, tumeona vema kurasa hizi zisijazwe na hesabu za mapato na matumizi peke yake. Hapa Buswelu wamo wanachama wasukao vikapu na wawambao ngoma, nao huuliza kwa nini kazi ya mikono yao hununuliwa kwa bei ndogo, kisha ikauzwa mjini Mwanza kwa bei kubwa. Ili kuwasaidia kulifikiri jambo hilo, twawaletea habari za mtu wa kusini ambaye jina lake lajulikana duniani kote.

Marehemu Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo, ndiyo maana alikuwa na majina ya dini zote mbili. Watu wa kwao walikuwa wakulima wa hali ya chini, na elimu aliyoipata shuleni ilikuwa ndogo. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini zama zile. Mwaka 1959 alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi ya nyumbani na ya bustani kwa Mzungu mmoja mtumishi wa serikali ya kikoloni. Baadaye alishika vibarua vya namna nyingi.

Yapata mwaka 1968 alianza kuchora picha. Hakuwa amefundishwa na mwalimu yeyote wa sanaa, wala hakuwa na fedha za kununulia vitambaa na rangi za wachoraji. Alichukua ubao mwembamba wa kujengea, akaukata vipande vya mraba vya futi 2 kwa futi 2, na akatumia rangi ya mafuta ipakwayo baiskeli. Alichora tembo, chui, nyati na ndege, mara nyingi mnyama mmoja tu katikati, na nyuma yake rangi moja tupu. Kwa vifaa hivyo vya bei rahisi alipata picha zilizong'aa na zisizofanana na za mtu mwingine.

Soko lake lilikuwa Oysterbay, nje ya maduka ya Morogoro Stores, mahali walipopita wageni wengi. Mkewe, Bibi Agatha, alishirikiana naye katika kuziuza. Picha zilipoanza kununuliwa kwa wingi, Marehemu hakuificha kazi yake. Aliwaita jamaa na vijana wa kwao, miongoni mwao Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, January Linda, Casper Tedo na Adeusi Mandu, akawafundisha. Katika miaka yake ya mwisho shirika la taifa la sanaa nalo likaanza kuzinunua picha zake.

Mwaka 1972 msiba ukatokea. Akiwa ndani ya gari usiku mjini Dar es Salaam, alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40, na kazi ya kuchora alikuwa ameifanya kwa miaka ipatayo 4 tu.

Wanafunzi wake wangaliweza kutawanyika, kila mmoja akauza kwa bei aitakayo mnunuzi. Badala yake waliendelea pamoja, na mwaka 1990 wakaandikisha chama chao cha ushirika, chenye makao pale pale Oysterbay. Jina la mwalimu wao likawa jina la namna nzima ya uchoraji. Lakini jina hilo lilikwisha kuenea kupita mipaka ya chama. Picha ziitwazo tingatinga huchorwa na kuuzwa na watu wengi wasio wanachama, na fedha nyingi huwafikia wachuuzi kuliko wachoraji.

Hapo ndipo lilipo funzo kwetu. Wazee wetu wa pamba waliumizwa na mizani iliyokuwa mikononi mwa wanunuzi, wakaungana, na mwaka 1955 wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya Marehemu Paul Bomani. Pamba hupimwa kwa mizani, na udanganyifu wake huonekana. Kikapu na picha havina mizani. Thamani yake imo katika ustadi, na katika jina la mahali vilikotoka na la mtu aliyevitengeneza. Msukaji anapouza kikapu bila alama yoyote, humwachia mnunuzi hata jina.

Kwa hiyo twawasihi wanachama wasukao na wawambao walete kazi zao katika ghala la Ushirika, zikaguliwe, zitiwe alama moja, na bei ipangwe mkutanoni. Marehemu Tingatinga aliwafundisha wenzake kazi bila choyo. Kulilinda jina la kazi yetu ni wajibu wetu sote, tena uanze mapema, kabla halijachukuliwa na wengine.