Tabibu Frantz Fanon
Sisi wa Pumwani twaijua Mathari, hospitali ya maradhi ya akili. Tabibu Carothers, aliyeisimamia hadi mwaka 1950, aliandika baadaye kwamba Mwafrika mwenye afya afanana na Mzungu aliyekatwa ubongo wa mbele. Aliyemjibu ni Fanon, mtu mweusi wa Martinique, mzaliwa wa 1925, aliyeisoma elimu ya nafsi ya Freud. Hakuwa Mwislamu. Mwaka 1953 alikabidhiwa wagonjwa Waislamu huko Blida, Algeria. Tiba ya mikutano na michezo aliyojifunza Ufaransa haikuwafaa; walinyamaza. Kosa alilitia kwake, si kwao (matabibu wangapi hufanya hivyo?), kwani Kiarabu hakukijua wala desturi zao hakuziuliza. Akawafungulia mkahawa na mahali pa kusali, na sikukuu zao zikaadhimishwa hospitalini. Jibu lake kwa Carothers lilitoka kitabuni mwaka 1961, mwaka aliofariki, akiwa na umri wa miaka 36.