Sayyid Said bin Sultan: kutoka jambia hadi karafuu

Vijana wetu hapa Ghuba siku hizi hupelekwa na makampuni yao kwenye kozi za uongozi. Hurudi na makabrasha na maneno mengi juu ya kujiendeleza na kubadilika. Nikiwasikia hunijia bwana mmoja ambaye jina lake tumelijua tangu utotoni, ila kwa wengi wetu amebaki picha ya ukutani tu: kilemba, ndevu na jambia. Maisha yake yana mengi zaidi ya picha ile, na si yote ya kujivunia.

Sayyid Said alizaliwa Samail mwaka 1791. Baba yake, Sayyid Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804, karibu na Linga, akiwa njiani kutoka Basra. Madaraka yakashikwa na mtoto wa ami yake, Badr bin Saif, aliyeegemea nguvu za Mawahabi. Mwaka 1806, huko upande wa Barka, Said alimuua Badr. Alikuwa kijana wa miaka kama kumi na mitano. Nyuma yake alikuwapo shangazi yake, Bibi Moza bint Ahmad, mwanamke ambaye bila ya akili na msimamo wake huenda historia hii isingekuwapo. Jambo la Barka halina haja ya kupambwa. Utawala wake ulianza kwa damu ya ndugu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita juu ya vita. Mwaka 1820 alikwenda Jaalan pamoja na askari wa Kampuni ya Kiingereza ya India kupigana na Bani Bu Ali, wakashindwa vibaya. Said mwenyewe alijeruhiwa mkono akijaribu kumwokoa askari wa mizinga. Mwaka uliofuata walirudi na jeshi kubwa zaidi na wakashinda. Ushujaa wake haukutiliwa shaka na yeyote. Shida ni kwamba ushujaa haukujaza hazina, na kila kabila lililotulizwa leo liliweza kuamka kesho.

Kwa ninavyomsoma mimi, hapo ndipo alipoanza kuwa mtu mwingine, lakini polepole na kwa makosa. Tazama Mombasa. Alifika huko na merikebu zake mwanzoni mwa 1828, akaweka askari ndani ya Ngome. Alipoondoka, Mazrui wakawazingira hadi wakatoka. Akarudi tena na tena kwa mizinga, asipate kitu cha kudumu. Mji ukamwangukia mwaka 1837, na mizinga haikuwa sababu. Mazrui walikuwa wamegombana wenyewe kwa wenyewe, naye alijua kungoja. Kisha wakubwa wao wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni Bandar Abbas, jambo ambalo baadhi ya jamaa wa Mombasa hawajalisahau hadi leo, na wana haki yao. Na wala hakuacha vita kabisa. Miaka ya 1840 alipeleka jeshi Siyu, likapigwa na amiri wake akauawa.

Unguja ndiyo iliyomfunza kazi nyingine. Alipoiona mara ya kwanza mwaka 1828 alikuwa anakaribia miaka arobaini, umri ambao wengi wetu tunadhani tumekwisha kuwa tulivyo. Aliona maji matamu, bandari nzuri na ardhi. Karafuu ilikuwa imekwisha kuletwa kisiwani, na anayetajwa zaidi kwa hilo ni Saleh bin Haramil al-Abry. Said alimnyang'anya Saleh mashamba yake. Halafu akaamrisha wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na asiyetii ajue kwamba ardhi yake imo hatarini. Yeye mwenyewe alipanda kuliko wote. Sasa mkarafuu si mtama. Unaupanda, unaungoja miaka, na bei ya siku utakayochuma huijui. Mtu aliyepata kiti kwa pigo moja la jambia alikubali kungoja mti ukue.

Nani aliyelima? Watumwa walioletwa kutoka bara, na idadi yao iliongezeka kadiri mikarafuu ilivyoongezeka. Utajiri wa Mtoni na wa nyumba nyingi za babu zetu ulitokana na migongo yao. Anayesimulia habari za karafuu akaliruka hili hajasimulia.

Katika biashara alijua kuwapa kazi wanaoiweza. Forodha aliikodisha kwa Wahindi, maarufu wao Jairam Shivji, Mbaniani wa Kutch, wala dini ya mtu haikuwa kizuizi. Alifunga mikataba na Marekani mwaka 1833, Uingereza 1839 na Ufaransa 1844. Mwaka 1840 merikebu yake Sultana ilitia nanga New York chini ya mjumbe wake, Ahmad bin Naaman. Kitambaa cha merikani ambacho bibi zetu walikijua jina lake kinatoka katika biashara hiyo.

Hakuchaguliwa kuwa Imamu, na aliridhika na jina la Sayyid. Barazani aliwasikiliza wadogo na wakubwa. Mwaka 1845 Waingereza walimbana atie saini mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa kutoka Afrika kwenda Uarabuni. Alijua utamtia hasara, akatia saini, kwa sababu alikwisha kupima nguvu zake na zao.

Pale alipokosea, kwa maoni yangu, ni kwamba kila uzi aliushika mwenyewe. Thuwaini alimwacha Maskati. Khalid, aliyetazamiwa kurithi Unguja, alifariki mwaka 1854, na nafasi ikaenda kwa Majid. Nani atakuwa juu ya nani baada yake, hilo halikuwekwa sawa.

Mwaka 1856 aliondoka Maskati kurudi Unguja. Inasimuliwa kwamba alichukua mbao ndani ya merikebu, akifa njiani zitumike kumfikisha nyumbani. Alifariki tarehe 19 Oktoba, karibu na Shelisheli. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, aliushusha mwili Unguja usiku na kuuzika Makusurani, huku akijaribu kuchukua madaraka kabla ya Majid kupata habari. Hakufanikiwa. Thuwaini naye akadai Unguja ni yake, na merikebu za vita zikatayarishwa Maskati. Mwisho Waingereza ndio waliokata shauri: mwaka 1861 dola ikagawanywa mbili, Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati riali 40,000 kila mwaka, na ndugu waliozaliwa na baba mmoja wakawa wafalme wa nchi mbili.