Mtakatifu Vincent de Paul, Baba wa Watoto Waliotupwa

Vincent de Paul alizaliwa mwaka 1581 katika kijiji cha Pouy, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye utotoni alichunga mifugo ya baba yake. Mwaka 1600 alipata daraja la upadri, na baadaye akaenda kukaa Paris, mji mkuu.

Katika mji ule watoto wachanga wengi walitupwa njiani na penye milango ya makanisa. Waliookotwa walipelekwa katika nyumba iitwayo La Couche. Lakini humo wanyonyeshaji walikuwa wachache mno, na watoto waliolia walinyweshwa dawa ya usingizi ili wanyamaze. Karibu wote walikufa. Wengine waliuzwa kwa ombaomba kwa fedha kidogo.

Vincent alipopata habari hiyo, moyo wake uliingiwa na huruma. Mwaka 1633 yeye na Louise de Marillac, mjane mcha Mungu, walikuwa wameanzisha shirika la Mabinti wa Mapendo, yaani masista wa kuwahudumia maskini na wagonjwa. Mwaka 1638 masista hao, wakisaidiwa na mabibi wenye mali, wakaanza kutwaa watoto wachache. Mwaka 1640 wakakubali kuwapokea wote.

Louise alijua ya kwamba paa na nguo hazitoshi kumponya mtoto asiye na mama. Kwanza anahitaji maziwa. Kwa hiyo watoto wengi walipelekwa vijijini kwa wanawake wanyonyeshao, nao wakalipwa kwa kazi yao. Majina yaliandikwa katika daftari, mtoto asije akasahauliwa. Tena masista walisafiri kuwatazama huko huko: je, mtoto anakua? Je, ni mgonjwa? Je, anatunzwa vema? Walipokuwa wakubwa kidogo walirudishwa kwa masista, wakafundishwa sala, kusoma na kazi za mikono.

Lakini gharama zilizidi, na mabibi wakachoka, wakataka kuiacha kazi. Hapo Vincent akawakusanya, akawaeleza wazi kwamba wamekwisha kuwa mama za watoto hao; basi wachague sasa, kwa kuwa wakiwaacha, watoto watakufa. Mabibi wakaona haya, wakaendelea na kazi.

Louise alifariki mwezi wa Machi 1660; Vincent akamfuata tarehe 27 Septemba mwaka ule ule. Mwaka 1670 mfalme Louis XIV aliifanya kazi yao kuwa hospitali ya watoto waliookotwa. Kanisa lilimtangaza Vincent kuwa mtakatifu mwaka 1737, na Louise mwaka 1934.

Enyi mnaojitayarisha kwa ubatizo, mkimpokea yatima nyumbani, msiseme ya kuwa chakula kinatosha. Mtazameni mwili wake kila siku, mpelekeni mapema kwa mganga wa hospitali, tena mjirani mpite kumwangalia. Anayemtunza mdogo kama huyo amtunza Yezu mwenyewe.